Basilika kuu za Roma nikiwa na mama

Mama amevuka miaka 70 na magoti yanamsumbua, lakini alitaka kuziona basilika kuu zote nne za Roma. Watu waliniambia zote zinawezekana kwa siku moja. Zinawezekana, kwa anayetaka picha. Sisi tuliamua basilika moja kwa siku, asubuhi, na Misa kwanza.

Kwa Mtakatifu Petro tulifika milango inapofunguliwa, saa 1 asubuhi. Kuingia ni bure, ila kila mtu hupita kwenye ukaguzi, na jua likishapanda foleni huzunguka uwanja. Mabega na magoti lazima yafunikwe. Kanga ya mama ilitosha. Misa ilikuwa kwa Kiitaliano. Padre aliposema Bwana awe nanyi, mama alijibu kwa sauti ya chini, “Awe pia rohoni mwako,” na kuanzia hapo hakuwa tena mgeni mle ndani. Baadaye tulisimama mbele ya Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa, iliyowekwa nyuma ya kioo baada ya mtu kuipiga nyundo mwaka 1972. Nilimkumbusha pia kwamba ni katika basilika hii Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, kuwa watakatifu, mwaka 1964. Kubani hatukupanda. Ngazi ni 551, na hata ukitumia lifti bado zinabaki zaidi ya 300.

Kwa Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta ndiko nilikoguswa zaidi. Metro ya mstari B inakushusha karibu, watu ni wachache, na unasikia hatua zako mwenyewe. Kanisa la kale liliungua mwaka 1823 likajengwa upya. Juu ya nguzo zimepangwa sura za Mapapa wote, tangu Petro. Mama alizifuata polepole akimtafuta Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja Tanzania mwaka 1990. Alipompata alikaa, tukakaa sana.

Basilika ya tatu, Mtakatifu Yohane wa Laterano, ndilo kanisa kuu la jimbo la Roma, ingawa wengi hudhani ni la Mtakatifu Petro. Ng’ambo ya barabara kuna Ngazi Takatifu, vidato 28, ambavyo mapokeo yanasema Yesu alivipanda kwa Pilato. Hupandwa kwa magoti tu. Nilihofia mama angelazimisha. Alisali pale chini, kisha tukapanda ngazi za pembeni, ambazo huenda juu kwa miguu ya kawaida. Mwenye mzazi mzee azijue hizo.

Bikira Maria Mkuu iko karibu na kituo cha treni cha Termini. Mozaiki zake ni za karne ya 5, na tangu Aprili 2025 Papa Fransisko amezikwa humo, jiwe lake likiwa na jina tu, FRANCISCUS.

Mwana wa Bukoba yeyote aongeze kanisa moja dogo zaidi: San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Ndilo alilokabidhiwa Laurean Rugambwa wa Bukoba alipofanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Nendeni asubuhi au jioni, kwa kuwa makanisa mengi madogo ya Roma hufungwa mchana.