Siku Sita Chini ya Majani ya Mgomba

Mgeni anayefika Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, kwa mara ya kwanza huyatafuta matunda ya kakao kwenye vitawi vya juu, kama anavyotafuta maembe, na huyakosa, kwa kuwa mkakao huchanua na kuzaa kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa yaliyokomaa. Mimi pia niliyakosa, nilipopelekwa shambani na mama mkwe, chini ya milima ya Rwenzori, upande unaotazama Kongo. Nilitaka kumsaidia kufagia majani makavu yaliyotanda chini ya miti, naye akanizuia: "Yaache, mwanangu. Humo ndimo wanamozaliwa wadudu wa maua." Ni kweli. Ua la mkakao ni dogo mno, na anayelichavusha ni kijiinzi kinachozaliana katika majani na maganda yanayooza. Hata hivyo, maua mengi hupukutika bila kuwa tunda.

Tunda hukomaa kwa miezi mitano hadi sita. Hukatwa kwa kisu kikali bila kuchubua kikonyo chake kwenye shina, kwa sababu maua ya msimu ujao yatatokea palepale. Ndani mna mbegu thelathini au arobaini, zimefunikwa kwa ute mweupe wenye utamu uliochanganyika na uchachu, ambao watoto huufyonza kwa furaha. Mbegu yenyewe ni chungu, na ukiipasua ina rangi ya zambarau.

Ladha ya chokoleti haimo bado katika mbegu hiyo, na jambo hili ndilo ninalotamani kila mkulima wetu alithamini. Mbegu hutiwa katika sanduku la mbao, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuvundikwa siku tano au sita. Chachu hula sukari ya ute na kuigeuza pombe. Kisha bakteria huigeuza pombe kuwa siki, na joto hupanda hadi karibu nyuzi 50, kiasi kwamba mkono hauvumilii kukaa ndani ya lundo. Mbegu hufa, na ndani yake hufanyika mabadiliko yanayopunguza uchungu na kuandaa ile harufu itakayotokea wakati wa kukaanga. Lundo lisipogeuzwa, katikati huiva na pembeni hubaki bichi.

Wengi huuza kakao ikiwa mbichi, siku ileile ya kuvuna. Siwalaumu, maana ada ya shule haingoji, na wezi huvuna usiku, hivyo mwenye shamba hulazimika kuwahi hata matunda ambayo hayajaiva. Lakini inaniuma kuona kazi ya miezi sita ikikosa siku sita za mwisho na wiki moja ya kuanikwa juani.

Mama mkwe huvundika. Kabla ya kufunga gunia huchukua mbegu kavu chache, akazikata katikati kwa kisu na kunionyesha: kahawia, zenye mipasuko ndani. Ikitokea moja ya zambarau, huiweka kando, akakata nyingine.