Kwani mama yake alikubali?

Jumapili mchana kitinda mimba wangu alikuwa barazani na kibano, anamtoa mbwa wetu Kibo kupe masikioni. Kila akimpata mmoja anamdumbukiza kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa. Kibo siku hizi hasumbui. Analaza kichwa kwenye paja la mtoto, mdomo umeshaota mvi, anasubiri imalizike. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchicha. Mtoto akauliza bila kuinua macho:

“Mama, siku ile ulipomchukua Kibo, kwani mama yake alikubali?”

Mchicha ukabaki mkononi.

Ilikuwa Julai 2016. Kaka yake ndiyo kwanza alikuwa ameanza bweni mwaka ule, na likizo ya Juni alirudi na ombi moja tu: mbwa. Si simu, si baiskeli. Mama mmoja wa jumuiya yetu akatuelekeza Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa mzee aliyekuwa anafuga German Shepherd jike mmoja tu, ndani ya kihamba chake, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, nyuma ya zizi la ng'ombe. Tukapanda na mwanangu. Watoto wa mbwa walikuwa saba, wana wiki sita, wanaviringishana kwenye majani makavu ya migomba. Akamchagua mwenye doa jeupe kifuani, na jina akampa palepale, kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na kilele cha Kibo, kule juu Kilimanjaro, kinaonekana juu ya migomba.

Nikatoa pesa. Mzee akahesabu, akachukua elfu hamsini, nyingine akanirudishia.

“Hii ni ya kushika nafasi. Mtoto haendi leo.”

“Babu, lakini tumetoka Pasua, Moshi mjini, na gari la kubadilisha…”

“Rudini baada ya wiki mbili, mama. Sasa hivi anafundishwa na mama yake na wenzake namna ya kuuma bila kuumiza. Nikiwapa leo, somo hilo mtalifundisha ninyi kwa mikono yenu.”

Halafu akaanza kuniuliza yeye. Mchana nyumbani anabaki nani? Atalala wapi? Mtamfunga mnyororo? Nikajibu kwamba geti lipo, hatutamfunga. Akanitazama kwa muda. “Mbwa wa kufungwa kutwa simuuzi,” akasema. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Wiki mbili zilipotimia mwanangu alikuwa ameshaitwa shuleni. Nikapanda Kibosho peke yangu.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Mzee hakuwa amemlisha mtoto, ili asije akatapika njiani. Aliingia bandani akatoka na kipande cha gunia walicholalia, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya kikapu changu. “Usikifue,” akasema. “Kina harufu ya kwao.” Nikatandika khanga juu yake, tukamlaza mtoto.

Nilitegemea kwamba mama yake atakuwa amefungiwa. Alikuwa amefunguliwa. Mzee akaniambia lazima amwone mwanaye anakwenda na nani. Akifungiwa, akitoka atamtafuta kihamba kizima.

Akaja. Aliitwa Jeni. Akaninusa vidole, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akanusa mpini wa kikapu, halafu khanga. Akaingiza kichwa ndani, akamlamba mtoto sikio moja, akahamia la pili, akamgeuza kwa pua akamlamba tumbo. Alikuwa anamsafisha vilevile kama asubuhi nyingine yoyote, bila haraka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kubwekewa, hata kuumwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Tukaanza kushuka. Mzee mbele, mimi katikati, Jeni nyuma yangu. Mibuni ilikuwa inadondosha maji, na zaidi ya hayo ni kucha zake tu nilizokuwa nazisikia kwenye mawe. Kihamba cha mzee kinaishia kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia, mwembamba, mtu mzima anauruka bila kuchuchumia, na ukingo wake wote umepandwa masale, ile mimea ya mipakani. Mzee akavuka. Mimi nikavuka. Jeni akasimama.

“Hapo ndipo mpaka wake,” mzee akasema. “Hajawahi kuvuka.”

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya masale, miguu ya mbele ukingoni kabisa, maji yanapita chini yake. Mtoto akainua kichwa ndani ya kikapu akatoa sauti ndogo, hata si kilio. Masikio ya Jeni yakasimama. Akashusha mguu mmoja, akauweka kwenye maji. Ukakaa pale. Maji yakawa yanaupitia pande zote mbili, manyoya yamelala kuufuata mkondo. Kisha akauondoa, taratibu, akaurudisha pale ulipokuwa.

Miaka yote hii, ule mguu ndio ninaouona.

Kwetu Uchagani ukimkosea mtu vibaya, unampelekea jani la sale. Ukilileta mlangoni kwake, anajua umekuja kuomba msamaha, na si rahisi akukatalie. Nimeona ndugu walionuniana miaka wakikaa mkeka mmoja kwa sababu ya jani lile. Sijawahi kusikia mtu amempelekea mbwa. Lakini mkono wangu ulienda wenyewe. Nikachuma jani moja upande wangu wa mfongo, nikainama, nikaliweka upande wake, mbele ya miguu yake. Akalinusa. Mzee aliona yote na hakusema neno. Alinisubiri nisimame, tukaendelea na njia, na sikugeuka tena.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Kwenye kifodi, kibasi cha abiria, alilala mpaka stendi. Nyumbani nilifanya kosa la kumpa maziwa ya ng'ombe, akaharisha siku mbili, tukahamia uji mwepesi na dagaa wa kuchemsha. Daktari wa mifugo akatukataza kumtoa nje ya geti mpaka amalize chanjo za ugonjwa wa parvo, maana vijidudu vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Ya kichaa akachanjwa alipofikisha miezi mitatu. Baba watoto alikuwa amesema mbwa halali ndani, na usiku wa kwanza ni yeye aliyemfungulia mlango wa jiko.

Usiku tatu alilia. Nilitandika mkeka jikoni nikalala naye, yeye kwenye gunia lake, mimi nimemwekea mkono mgongoni. Kila nilipoutoa alianza upya. Usiku wa nne hakulia. Asubuhi baba watoto akasema, “Unaona? Ameshazoea.”

Ni neno lilelile aliloniambia matroni kwenye simu mwezi wa pili mwaka uleule. “Mwanao ameshazoea, mama. Usiku halii tena.” Siku hiyo nilishukuru Mungu. Na kwa Kibo nilishukuru pia. Lakini usiku wa tano niliamka saa nane, nikaenda jikoni gizani nikasimama kusikiliza. Alikuwa macho. Alikuwa amekalia gunia, pua imeelekea mlangoni, kimya. Nikamwita jina, mkia ukapiga sakafu mara mbili. Kichwa hakukigeuza.

Kaka mtu aliporudi Desemba, Kibo alikimbia mpaka getini kumpokea kama aliyemjua tangu kuzaliwa. Nikawatazama wawili wale wakigaagaa kwenye nyasi, mmoja amerefuka ghafla, mwingine masikio yameshasimama. Nilitaka kumuuliza mwanangu swali kuhusu ule mwezi wa kwanza bweni. Nikaenda kumwekea maji ya kuoga.

Mchicha ulikuwa umeanza kusinyaa mkononi. Kitinda mimba bado anasubiri jibu, kibano kimesimama hewani.

“Babu wa Kibosho alikubali,” nikamwambia.

“Sijamuuliza babu,” akasema, akamgeuza Kibo kichwa, akaanza sikio la pili.