Mjomba, nyaya si zitaingiliana?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), na siku hizi anashinda na mimi karakana hapa Moshi mjini. Anataka kusoma fizikia chuoni. Mama yake hataki hata kuisikia: "Fizikia atakula nini?"

Leo umeme ulikatika mchana kutwa, pasi ya kulehemu imepoa mezani, basi nikamsimulia habari za mwanafizikia Georges Charpak. Mimi natengeneza vifaa vya hospitali, eksirei zaidi, kwa hiyo huyu mzee namhesabu kama ndugu wa kazi, ingawa yeye alipata Nobel na mimi nadaiwa kodi ya fremu.

Alizaliwa Poland mwaka 1924, akahamia Ufaransa akiwa na miaka saba. Vita ikamkuta kijana, akajiunga na waliopinga Wanazi, akafungwa, kisha mwaka 1944 akapelekwa kambi ya mateso ya Dachau, Ujerumani. Akatoka hai. Akasomea fizikia ya nyuklia kwa mwanafizikia Mfaransa Joliot-Curie, na mwaka 1959 akaingia CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule Geneva.

Zama hizo njia za chembe, hizi ndogo kuliko atomu, zilipigwa picha, kisha watu wakakaa kuchungulia picha moja moja na kupima michirizi kwa mkono. Sasa tukio linalotokea mara moja katika mamilioni utalipata lini? Mwaka 1968 Charpak akaja na sanduku la gesi lililotandazwa nyaya nyembamba kuliko unywele, zimepangwa sambamba, kati ya waya na waya milimita mbili hivi. Chembe ikipita inang'oa elektroni kwenye gesi. Elektroni zinakimbilia waya ulio karibu, na zikiukaribia zinang'oa nyingine, nazo nyingine, mpaka waya unatoa mshtuko wa umeme unaopimika. Kila waya una amplifaya yake ya kukuza ishara, maana transista zilishakuwa za bei ya kununulika. Kompyuta inajua papo hapo ni waya upi.

Mpwa akanikatiza. "Mjomba, zikikaribiana hivyo si zitaingiliana? Mmoja ukipiga, jirani naye atapiga."

Nilifurahi mno, kwa sababu hiyo ndiyo hofu waliyokuwa nayo wataalamu wenyewe. Charpak alionyesha kwamba waya wa jirani unapata ishara ya kinyume: huu ukienda hasi, ule unakwenda chanya. Hivyo unazitenganisha bila taabu. Chombo kikaweza kunasa chembe hadi milioni moja kwa sekunde.

Uzeeni aliupeleka ujuzi huo kwenye picha za tiba, ili mgonjwa apigwe mionzi kidogo zaidi. Sisi wa eksirei tunamheshimu kwa hilo kuliko kwa kwarki zote, zile chembe zinazounda protoni.

Kinachonikera ni foleni. Mwanafizikia Mmarekani Samuel Ting alitumia chemba za nyaya, yaani masanduku hayo ya Charpak, kugundua chembe mpya iliyoitwa J mwaka 1974, na Nobel akaipokea 1976. Charpak yake ilikuja 1992. Mwenye jembe alivuna mapema, mhunzi akasubiri miaka ishirini na minne tangu afue.

Mpwa anasema yeye angesubiri tu, hana haraka. Huyu ambaye kila dakika tano anafungua simu kuangalia kama baraza la mitihani, NECTA, wametoa matokeo.