Mtoto wa Ng'ambo ya Bonde

Ratiba niliiandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye upande mmoja wa karatasi. Ijumaa mchana kuondoka. Jumamosi kuamka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili kuanza kupanda, saa sita tuwe kileleni. Jumapili mapumziko, kisha kurudi. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia.

"Baba watoto," akasema, "humu kwenye karatasi watoto wako wapi?"

Nilidhani ananitania.

Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka saba, kitinda mimba minne. Ilikuwa mara yao ya kwanza kwenda milimani. Mimi nilipanda sana nilipokuwa kijana, kabla sijaoa, na sasa naona kwamba nilichokitamani hasa ni kurudi kule nikiwa na mashahidi.

Mambo yalianza kuharibika kwenye kona ya tano au ya sita. Binti yangu alikuwa ameinamia kitabu cha hadithi kiti cha nyuma, nami nikamshukuru Mungu kwamba ametulia. Kumbe kusoma ndani ya gari linalokata kona ni kujitafutia kichefuchefu: macho yanasema umekaa tuli, sikio la ndani linasema unayumba, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Alitapika juu ya kitabu, juu ya kiti na juu ya mkoba wenye ratiba yangu. Mama yao akafuta vyote isipokuwa karatasi.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya mbao, ukingoni mwa bonde, na kibao cha njiani kilisema tupo mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo niliipenda nilipoiona. Usiku ndipo nilipoielewa. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa. Tulikuwa na vitanda vitatu. Ilipofika saa saba za usiku tulikuwa wanne kwenye kimoja, mablanketi yote juu yetu, mguu wa mtu sikujua wa nani umenikaa mbavuni. Alfajiri ya ratiba ilipita tukiwa hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kutoa hata kidole nje.

Asubuhi mayai nayo yakanigomea. Niliyachemsha kwa dakika zangu zilezile za nyumbani, nikayavunja, kiini kikamwagika mezani. Kwenye urefu ule maji huanza kuchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo yanatokota kwa kelele nyingi na kuivisha kidogo. Nilimweleza mke wangu jambo hili kwa kirefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akayarudisha mayai jikoni.

Tukaanza kupanda saa tatu na nusu.

Kama hujawahi kupanda mlima na mtoto wa miaka minne, nikwambie tu kwamba yeye hapandi. Anazurura, na mlima ukipenda unaweza kumfuata. Kila jiwe lilikuwa na kasoro iliyohitaji kuchunguzwa. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ilibidi asubiriwe atoke. Baada ya dakika arobaini niligeuka nikaliona paa la nyumba yetu karibu kabisa, ningeweza kulipiga kwa kokoto. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika. Nakumbuka nilisema, "Twende bwana, twende," kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi.

Mama yao na binti walikuwa wametangulia. Mdogo akasimama, akaweka mikono kiunoni, akaita kwa nguvu zake zote:

"Mamaaa!"

Na ng'ambo ya bonde, kwenye ukuta wa mwamba uliotukabili, mtoto mwingine akaita: "Mamaaa!"

Mwanangu akaganda. Akanishika suruali.

"Baba, kuna mtoto kule. Amepotelewa na mama yake."

"Si mtoto," nikamwambia. "Huo ni mwangwi."

Akafikiri kidogo, kisha akageukia bonde. "Mwangwiii!"

"Mwangwiii!"

"Ameitika," akasema.

Jina likabaki hilo. Kupanda kuliishia pale, ingawa mimi nilihitaji nusu saa nyingine kukubali. Alimwuliza Mwangwi anakula nini, anakaa na nani, kwa nini hatoki nje wamwone. Mwangwi hakujibu swali hata moja. Yeye alirudisha tu vipande vya mwisho. Ukimwambia "Njoo huku tucheze," anasema "tucheze." Ukimwuliza "Unaogopa?" anakuuliza wewe. Mdogo hakuona ubaya wowote. Alikuwa na marafiki kadhaa wanaozungumza hivyo hivyo.

Binti yangu alirudi kuona kinachotuchelewesha. Yeye hakudanganyika hata kidogo, akataka aelezwe. Nikamvulia saa yangu ya mkono, nikamwambia apige makofi mara moja na autazame mshale wa sekunde. Akapiga. Sauti ikarudi baada ya sekunde moja hivi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, nikamwambia, na hii imekwenda na kurudi. Akatumia vidole, akatumia kijiti kwenye vumbi, na mwisho akatangaza kwamba mwamba uko mita 170 kutoka tulipo. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwelewesha na kwa nini maneno marefu yanarudi mkia tu: mwanzo wa sentensi unawasili ukiwa bado unasema, sauti yako mwenyewe inaufunika.

"Kwa hiyo hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amepiga magoti pembeni akimwonyesha Mwangwi jiwe. Nilijua kinachofuata. Nina dada mkubwa, na nikiwa na umri ule hakuniachia kitu chochote kizuri kwa zaidi ya dakika tano. Nikafungua mdomo nimzuie. Lakini binti yangu akanirudishia saa, akaenda akapiga magoti naye, akavimbisha mashavu na kupaza sauti: "Mwangwi! Mdogo wangu anakusalimu!"

"...Anakusalimu!"

Mama yao alitukuta pale saa nane mchana. Alikaa juu ya jiwe bila kuuliza habari za kilele.

Jumapili tuliamka ndani ya wingu. Bonde halikuwepo, mwamba haukuwepo, na mti wa karibu kabisa na dirisha ulikuwa kivuli cha mti. Nilitoka na mdogo tukasimama ukingoni, nimemshika mkono vizuri. Aliita kwa sauti ya chini kidogo, kama anayegonga mlango asubuhi mno. Kimya. Akaita tena kwa nguvu, na kutoka ndani ya weupe ule, mahali pasipoonekana hata jani, jina likarudi. Nilijua ukungu hauondoi mwamba mahali pake. Bado nywele za mikononi zilinisimama.

"Yupo," akasema mwanangu. Kisha, "Baba, na hii baridi?"

Alivua kofia yake ya sufu, ya buluu, akaitundika kwenye mti wa uzio. Nikamwambia ataumwa masikio. Akaniambia Mwangwi amelala nje, yeye amelala na watu watatu. Sikuwa na jibu la hesabu hiyo.

Wakati wa kuondoka, watoto wakiwa wameshafungwa mikanda, mke wangu akasema anarudi kuangalia kama madirisha yamefungwa. Kwenye kioo cha gari nilimwona akipita uzio, mkono ukienda haraka. Akaingia garini, akalaza mkoba miguuni, akatazama mbele. Hatukusema neno. Nilitia gia ya pili, nikaiacha injini ituzuie kwenye mteremko badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Huku chini mdogo alianza kulia akishika sikio. Dada yake alikuwa na chupa tupu ya maji aliyoifunga kizibo kule juu. Sasa ilikuwa imebonyea kama iliyokaliwa. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia hewa ya huku inabana zaidi kuliko ile iliyofungiwa ndani, na sikio la mdogo wake lina shida hiyo hiyo. Basi akafungua kizibo kando ya sikio la mdogo wake ili asikie chupa ikivuta pumzi, akamwambia, "Wewe meza mate, litafunguka." Akameza, akameza tena, na kilio kikakoma.

Mwaka jana kijana huyo, sasa ana miaka kumi na mitatu, alipanda juu ya kiti kutafuta begi kwenye rafu ya juu ya kabati. Nilikuwa napita koridoni nikamwona ameshika kitu cha buluu. Alikitazama ndani na nje, akakijaribu kichwani, kikakaa kwenye utosi tu kama kikombe.

"Kwa hiyo mlimwacha na baridi," akasema.

Akaikunja vizuri, akairudisha pale pale.