Giza la Rujewa

Wiki nzima kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha watu wanapiga hesabu za nauli ya Luxor. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kule Misri, giza la zaidi ya dakika sita, na wale ambao hawajamaliza ahadi ya mchango wa harusi tangu mwaka juzi ndio wanaotaja dola kwa sauti kubwa. Nilikuwa nasoma nacheka peke yangu, binti yangu akachungulia simu.

“Baba, wewe umeshawahi kuona jua likipatwa?”

Swali kama hilo mzazi halijibu kwa mdomo. Nikaenda kuitoa hadidiski ya zamani, ile iliyofungwa kwa raba, nikafungua folda ya Rujewa 2016. Akaona jua la kijani limeumwa pembeni, akaguna. Akaona pete ya kijani, akasogeza kiti. Nikaanza kujisikia mtu. Kisha akafika kwenye picha za umati, akazipeleka mbele, akazirudisha nyuma, akazipeleka tena mbele.

“Sasa giza liko wapi? Mbona mchana tu?”

Mnaonijua mnaukumbuka mwaka ule. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeuza DSLR, ile kamera kubwa yenye kioo ndani, na lenzi mbili ili ninunue mirolesi, kamera isiyo na kioo hicho, na jiji zima la Mbeya lilinicheka. Kamera yenyewe ndogo, imekaa kama redio ya mkulima. Mama mmoja kwenye send-off pale Uyole aliniangalia nikipiga nusu saa nzima, halafu akaniuliza kwa upole kamera kubwa inafika saa ngapi.

Mimi nilikuwa na hoja zangu. Kwenye kamera ya zamani, ukiweka jicho unaliona tukio lenyewe, limegonga kioo kilichomo ndani likakufikia. Mirolesi haina kioo hicho. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi, kile kibamba kinachoupokea na kuufanya picha, na wewe jichoni unatazama televisheni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Usichokiona kwa macho yako, inakuonyesha. Kanisa la giza, ukumbi wenye taa za zambarau, yote inakupa yameshanyooshwa. Niliwaambia wenzangu: hii kamera inaona kuliko mimi. Nilisema kwa kujivuna, na nakumbuka nani na nani walikuwepo.

Kwa jua, televisheni hiyo ni neema na balaa. Jicho lako halichomwi, maana hulitazami jua, unatazama picha yake. Lakini kihisi chenyewe kimekaa uchi muda wote kamera ikiwa imewashwa, na lenzi ndefu ikielekezwa juani ni ile lenzi tuliyokuwa tunachomea karatasi shuleni. Filta ya jua sikuwa na hela yake. Fundi wangu wa kuchomelea pale Soko Matola akanipa kioo cheusi cha namba 12 kutoka kwenye kinyago chake cha zamani; namba ikipanda, kioo kinazidi giza. Kwa macho ya binadamu inatakiwa namba 14, alinionya hivyo mara mbili, nikamwambia macho yangu hayahusiki. Nikatoboa kifuniko cha kopo la Blue Band, nikakigandisha kile kioo kwa supa gluu, kifuniko kikaingia mbele ya lenzi kwa kubana kama kimezaliwa nayo. Huo ubanaji nitaurudia.

Safari sina haja ya kuisimulia. Alhamisi, tarehe 1 Septemba, Coaster ya alfajiri hadi Igawa, bodaboda hadi Rujewa, vumbi la Mbarali baada ya mavuno ya mpunga mnalijua. Umati ulikuwa kama wa mkutano wa kampeni, ila safari hii kila mtu alikuwa anaangalia juu. Miwani ya karatasi ilikuwa michache, inapita mkono kwa mkono, na kuna watoto walishika filamu za eksirei, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa redioni. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alishaeleza vya kutosha kwamba hili ni kupatwa kipete: mwezi uko mbali kidogo, hautoshi kulifunika jua lote, utabaki ukingo. Kama asilimia 97 ya upana wa jua ingezibwa. Mimi hiyo hesabu niliisikia kama mtu anavyosikia bei ya kitu asichokusudia kununua.

Nilitega stendi karibu na mwembe. Chini yake kulikuwa na bibi na beseni lake la karanga. “Kamwene, bibi.” “Kamwene, mwanangu.” Tukamaliza hapo, kila mtu na biashara yake.

Jua lilianza kuumwa baada ya saa nne. Hadi saa tano na nusu nilikuwa na picha nyingi za biskuti ya kijani iliyong’atwa. Saa sita kasoro kidogo kelele zikapanda, pete ikafunga, nikapiga kama ishirini mfululizo. Pete ilikaa dakika tatu hivi, na hizo dakika nimezirudia kichwani mara nyingi.

Nikang’oa kifuniko, nikageuzia kamera umati. Nilikuwa nimefunga tundu la lenzi f/8 na kasi ya shata 1/800, ila ISO, ile namba ya kamera kujiongezea mwanga, nikaiachia ijipange yenyewe kama ninavyofanya kanisani. Nikaweka jicho. Mchana. Watu wamenyanyua nyuso, mashati meupe yanang’aa, kitenge chekundu ni chekundu. Nikapiga. Kulikuwa na kijana mbele yangu anapiga kelele, “Angalia mikono yako! Angalia mikono yako!” Nikatoa jicho ili nimwone anasema nini.

Sijui niseme mwanga ulikuwa umefanyaje. Kupungua ulikuwa umepungua, lakini si kama wa jioni, maana jioni inakuja na wekundu na vivuli virefu. Huu ulikuwa mwanga wa saa sita, vivuli vifupi miguuni kama kawaida, ila umechujwa, kama chai ambayo majani yake yameshatumika mara mbili. Mkono wangu ulionekana wa mtu mwingine. Kaubaridi kalinipanda shingoni. Yule kijana ngozi yake ilikuwa na rangi ya sufuria.

Nikarudisha jicho kwenye kamera. Mchana, shati jeupe. Nikatoa, sufuria. Nikarudisha, mchana. Nikatoa. Niliendelea hivyo kama mtoto anayefungua na kufunga friji apate kuona taa inazimika lini. Kamera niliyoisifia kwamba inaona kuliko mimi ilikuwa imeona giza, ikalisahihisha bila kuniuliza. Kila tone la mwanga lililopungua ililijaza. Na mimi, badala ya kufanya chochote cha maana, nikapoteza karibu dakika nzima ya zile tatu kwa kushangaa.

Nikazinduka nikakumbuka pete. Nikabana kifuniko kwenye lenzi, nikageukia jua tena. Hapo ndipo bibi wa karanga akaita.

“Mwanangu! Wewe wa kamera! Huko juu unatafuta nini, liko huku.”

Nikageuka. Ardhi yote chini ya mwembe ilikuwa na pete. Kila tundu kati ya majani lilikuwa limeshusha jua lake, mamia ya pete za mwanga, nyingine zimepandana kama za mnyororo, zimelala mchangani, kwenye beseni juu ya karanga, kwenye khanga ya bibi. Alikuwa amekinga kiganja na pete moja imetulia katikati yake. Bibi hakuwa na miwani wala kioo cha fundi. Asubuhi yote alikuwa ameinamisha macho kwenye karanga zake, nadhani jua lilimfuata pale pale.

Nikaweka jicho nipige. Giza totoro. Kifuniko! Nikakivuta. Kimebana. Kumbuka nilivyojisifu jinsi kilivyobana. Nikakizungusha, nikakivuta kwa kucha, nikataka kukivuta kwa meno, na bibi ameshika kiganja vile vile ananingoja kwa adabu kama anasubiri picha ya pasipoti. Kilipochomoka kikaruka hadi kwenye karanga. Nikapiga picha tatu.

Zipo. Nilimwonyesha binti yangu. Kiganja cha bibi, na katikati yake kamwezi kachanga, kama kipande cha kucha. Pete ilishafunguka upande mmoja.

“Hii nzuri,” alisema. “Lakini na hii ni mchana.”

Nikamfungulia taarifa za picha. Nikamwonyesha: umati wa saa nne, kabla jua halijaguswa, f/8, 1/800, ISO 200. Umati wa saa sita kasoro, f/8, 1/800, ISO 3200. Nikamwambia kutoka mia mbili hadi elfu tatu na mia mbili ni kuongeza mara mbili, mara nne mfululizo, maana yake kamera ilikuwa inahangaika na mwanga uliobaki fungu moja kati ya kumi na sita. Giza limeandikwa pale, mwanangu. Aliitazama ile namba kwa heshima, kama anavyomtazama mgeni asiyejua amwamkie vipi.

“Kwa hiyo giza ni 3200?”

Nikasema hapana. Kisha nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Kisha nikafungua programu ya kuhariri, nikaishika picha ya umati, nikaishusha mwanga stopu nne kamili, yaani nusu mara nne, haki ya jua. Ikawa nyeusi. Nikaipandisha kidogo, nikaipunguza rangi, nikaiongeza ubaridi, nikaupunguza tena. Karibu saa nzima. Mama yake akapita, akasimama nyuma yetu, akauliza hiyo jioni ilikuwa wapi.

“Si jioni,” nikasema.

“Ni jioni, baba,” akasema binti.

Na kweli ilikuwa jioni. Nilikuwa najua haikuwa hivyo, lakini ukiniuliza ilikuwaje, siku hizi nikifumba macho picha inayonijia kwanza ni ya shati jeupe linalong’aa, ile ya kwenye kijicho cha kamera. Ya sufuria inabidi niitafute.

Binti ameomba picha moja ya kumpelekea mwalimu wa sayansi. Nikamwambia achague ya kiganja cha bibi. Akaiangalia, akaniangalia, akachukua ile ya biskuti ya kijani. Anasema hiyo angalau inaonekana imetokea kweli.