Faneli Mbili

Baiskeli ilikuwa Phoenix ya marehemu baba, nyeusi, karia pana, na kwa utambarare wa Tabora haikuwa na shida yoyote ya kuhitaji injini. Shida nilikuwa nayo mimi, miaka 22, nimeshaona video za baiskeli za injini. Boksi la injini likaja na treni kutoka Dar.

Juu limeandikwa cc 80, yaani ujazo wa silinda. Nilipofungua silinda nikapima: upana wa pistoni milimita 47, mwendo wake 38. Piga hesabu uone, inakuja 66. Nikanyamaza, maana kijiweni Isevya nilishatangaza 80.

Injini ilikaa vizuri kwenye pembe ya fremu. Sproketi ya nyuma, meno 44, inabanwa kwenye spoku kwa vipande vya mpira. Hiyo niliirudia mara nne, kwa sababu ikiyumba kidogo tu cheni inaruka. Kabureta na waya wa klachi vikaisha jioni moja.

Ekzosi, bomba la moshi, ndiyo iliyonitesa. Ya kwenye boksi ilikuwa inagusa pedali, basi nikaing'oa, nikachomelea kipande cha bomba la maji, kimenyooka. Mlio wake! Mbwa walinifukuza mtaa mzima. Ila nguvu hakuna. Kupanda tuta la reli tu nikawa nakanyaga pedali huku injini inapiga kelele bure.

Jirani na sokoni kulikuwa na mzee fundi wa vibatari, zamani aligusa sana pikipiki za mafuta ya kuchanganya. Alichungulia bomba langu, akacheka.

"Mjukuu wangu, injini hii haina valvu. Petroli inapoingia, tundu la moshi nalo liko wazi. Inapita moja kwa moja, inatoka."

"Sasa nifanyeje, babu?"

"Uirudishe ndani."

Akachukua faneli mbili za kumiminia mafuta ya taa, moja ndefu, nyingine fupi, akazikutanisha mdomo kwa mdomo. Mshindo wa moshi, akasema, ukifika hapa panapopanuka unavuta. Ukifika hapa panapobana unagonga, unarudi, na kuisukuma petroli iliyotoroka irudi kwenye silinda kabla tundu halijafungwa. Bati la faneli lingeungua, kwa hiyo akakata pipa kuukuu. Kwanza alichora kwenye karatasi ya kaki, akaikunja, akaitazama kwa jicho moja, akaikunja tena. Kisha nyundo, taratibu, bati likajiviringisha kama chapati. Akanitoza bei ya faneli mbili. Ya kuchomelea nikamlipe wa welding.

Lita moja ya petroli, oili mililita 60 hivi kwa kuwa injini ni mpya, nikashika njia ya Kwihara. Nikakanyaga, nikaachia klachi. Mwanzoni hakuna jipya, nikaanza kumsengenya babu moyoni. Halafu ghafla ikashika, kama mtu amenisukuma mgongoni. Miembe ikaanza kunipita. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba breki ni zilezile za vyuma za enzi za baba, na mbele kuna mbuzi.

Mbuzi walipona. Mimi niliangukia upande wa ekzosi.

Mama aliponiona nachechemea aliangalia shavu la mguu, lenye alama ya mviringo kama mdomo wa faneli, akaiangalia baiskeli ya mumewe, akaingia ndani kimya. Alitoka na kopo la asali.