Orodha ya Orwell

Usiku huu nimekitoa tena kile kitabu changu kisicho na jalada, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani Kawegere ndiye mtunzi, na kwamba wale nguruwe wanaotawala shamba ni wakubwa fulani wa mtaani kwetu. Sikukosea sana.

Mtunzi hasa, George Orwell, nilikuja kumjua ukubwani. Jina lake hasa Eric Blair, kazaliwa Motihari, India, 1903, baba yake akiwa mtumishi wa wakoloni katika idara ya kasumba (afyuni yenyewe, si ile ya kwenye hotuba). Mwaka 1922 akaenda Burma kuwa polisi. Miaka mitano ilimtosha kuuchukia ukoloni aliokuwa akiutumikia. Vitani Hispania, 1937, risasi ikampenya shingoni. Alikuwa mrefu kupita kiasi kwa mtu wa kukaa handakini.

Ninayempenda zaidi ni yule wa kisiwa cha Jura, Uskoti, mwishoni mwa 1948. Kifua kikuu kimemkaba, hakuna mpiga taipu aliyekubali kumfuata huko. Basi akapiga taipu mwenyewe riwaya nzima ya Nineteen Eighty-Four, mara nyingine akiwa kitandani, anakohoa, anaendelea.

Ila kinachoninyima usingizi ni ile orodha. Mei 1949, akiwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, alimpelekea rafiki yake Celia Kirwan majina 38 ya watu aliowashuku kuegemea Moscow. Celia alikuwa akifanya kazi katika kitengo cha siri cha propaganda cha serikali ya Uingereza. Juni 8 riwaya ikatoka, ile inayomtisha msomaji kwa watoto wanaowachongea wazazi wao.

Utetezi wake naujua: hakutaka wafungwe, alitaka tu wasipewe kazi ya kuandikia kitengo kile. Sawa. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo wazee walishusha sauti wakihisi shushushu yuko karibu, na jina kwenye karatasi halikuwa jambo dogo. Nimekasirika kama mtu aliyemfumania mjomba wake.

Alifariki Januari 1950, miaka 46. Jiwe la kaburi lake, kijijini Sutton Courtenay, linasema Eric Arthur Blair na tarehe mbili. Orwell hayumo.

Kesho nitafute gundi na karatasi ngumu nikishonee kitabu jalada. Jina la kuandika juu yake sijaamua.